Vilima vya Chokaa na Sisi Watu wa Mlimani

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Nami, baada ya kufundisha Kiswahili na Jiografia kwa miaka kadhaa katika shule moja ya upili karibu na mji wa Karatina, nimefikia kuamini kwamba mtu anaweza kuambiwa maana, akaikariri, akaiandika katika mtihani na kupata alama zote, na bado asiijue. Ushahidi wangu ni mada ya maji ya chini ya ardhi na mandhari ya karsti, ambayo kila mtahiniwa wa Jiografia nchini Kenya amepaswa kuisoma. Neno lenyewe, karsti, limetokana na jina la uwanda wa mawe ya chokaa ulioko mpakani mwa Slovenia na Italia. Wanafunzi wangu hujifunza majina ya mashimo, nyufa na mabonde ya huko, majina yasiyotamkika kwa ulimi wa Kigikuyu wala wa Kiswahili, na hatimaye huchora pango lenye chokaa iliyoganda ikining'inia darini kama meno ya mzee. Mchoro huwa mzuri. Kisha kengele hulia, nao hutoka nje na kuukuta Mlima Kenya ukiwatazama, mlima ambao hauna hata punje moja ya hayo waliyochora.

Msomaji anayetoka kwingineko aelewe hali yetu. Nyeri, Karatina, Othaya, Naro Moru na Nanyuki zimekaa juu ya majivu na mawe ya volkano iliyoanza kutema moto takriban miaka milioni 3 iliyopita. Udongo wetu ni mwekundu, una kina, nao unashika maji. Mito yetu huonekana: Chania, Gura, Thagana. Ukitembea kilomita chache utavuka daraja au utalowa miguu. Mapango tunayo, na wapiganaji wa Mau Mau walijificha ndani yake miaka ya 1950, lakini hayo hayakuchimbwa na maji yayeyushayo mwamba. Kwa hiyo mtoto wa Nyeri anapoambiwa kwamba kuna nchi ambako mvua hunyesha na mto usionekane, kwamba maji huzama mwambani na kusafiri gizani hadi yachomoze kama chemchemi mahali pengine kabisa, yeye huyapokea hayo kama anavyopokea ngano za mazimwi.

Hata hivyo, chokaa yenyewe si ngeni kwetu. Hili ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Mkulima wa mahindi au wa viazi ambaye shamba lake limezidiwa na asidi hushauriwa anyunyize chokaa. Mfugaji wa kuku hununua chokaa ili mayai yawe na ganda gumu. Mawe ya kando ya njia ya kuingilia shuleni hupakwa chokaa siku mbili kabla ya mgeni wa heshima kufika, na wanafunzi hujua kutokana na weupe huo kwamba siku hiyo kutapikwa wali. Zaidi ya yote, kuna saruji, ambayo watu wengi huiita simiti. Saruji hutengenezwa kwa kusaga mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi na kuyachoma katika tanuri lenye joto la kiasi cha nyuzi 1,450. Kila ghorofa linalochipuka Nyeri mjini, kila choo cha shule, kila tangi la maji na kila kaburi lililosakafiwa vizuri lilianza kuwa kilima au mwamba mahali pengine. Lori huja limejaa magunia ya kilo 50, likashushwa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, na hakuna anayeuliza jiwe lilitolewa wapi.

Nafikiri ni haki kuuliza, na hasa sisi wanafunzi wa Kiswahili. Lugha hii tunayoisomea shahada ilikulia katika nyumba za chokaa. Waswahili wa Lamu, Gede na Mombasa walijenga kwa mawe ya matumbawe, wakayachoma mengine katika matanuri ili wapate chokaa ya kuunganishia na kulipia kuta, wakatia dari kwa boriti za mikoko. Chokaa, tanuri, boriti, tumbawe, jabali, pango, genge: msamiati huu wote ulizaliwa na ardhi ya namna fulani. Sisi wa bara tuliupokea msamiati bila kuipokea ardhi yake. Wazee wetu nao walikuwa na udongo wao mweupe, ira, ambao walijipaka katika sherehe na matambiko, lakini huo ni udongo tu, hauna pango wala mto wa gizani.

Niliyaona mawe ya chokaa kwa macho yangu kwa hisani ya mwenzangu tuliyesoma naye chuo kikuu, mzaliwa wa Kaloleni katika Kaunti ya Kilifi. Nyuma ya ukanda wa pwani, kilomita chache kutoka baharini, kuna vilima vya chokaa kongwe kabisa. Wanajiolojia huiita chokaa ya Kambe, nayo ni ya enzi ya Jurasi, yaani ina umri wa zaidi ya miaka milioni 160. Hapo palikuwa bahari. Viumbe wenye magamba walikufa, wakalala sakafuni mwa bahari hiyo tabaka juu ya tabaka, wakawa mwamba, na mwamba ukainuka. Ukiulinganisha na huo, Mlima Kenya ni kitinda mimba. Kisha mvua ikaanza kazi. Maji ya mvua huchukua gesi ya kaboni dayoksaidi hewani na kwenye udongo wenye majani yaliyooza, yakawa asidi hafifu, nayo asidi hiyo huila chokaa pole pole. Ufa huwa mfereji, mfereji huwa shimo, shimo huwa pango. Kilichobaki juu ya ardhi pale Chasimba na Mwarakaya ni minara ya mawe yenye kingo kali, iliyotenganishwa na vichochoro vyembamba ambamo jua haliingii ila saa sita mchana. Mizizi ya mitini imeshuka kwenye kuta kama kamba za wapanda mlima.

Mwenzangu aliniinamisha mbele ya ukuta mmoja wenye kivuli na kunionyesha mmea mdogo wenye majani manene yenye manyoya. Haukuwa na maua siku hiyo. Maua yake ni ya rangi ya urujuani. Nilimwambia kuwa nimewahi kuona mmea kama huo ndani ya chungu, dirishani pa ofisi moja mjini Nyeri, naye akacheka akasema huo wa dirishani ni binamu aliyerudi kutoka Ulaya.

Alisema kweli. Mwaka 1892, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Wajerumani huko Usambara na Tanga, alipeleka mimea ya aina hiyo Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaipa jina la Saintpaulia kwa heshima ya ofisa huyo na babake. Tangu hapo ua hilo limezalishwa na kuuzwa duniani kwa mamilioni. Aina niliyoonyeshwa mimi ilipewa jina la rupicola mwaka 1964, neno la Kilatini lenye maana ya mkaazi wa mwambani. Wataalamu wa siku hizi wameuhamishia mmea huu katika jenasi nyingine, lakini hilo halikuubadilishia makao. Unaota katika vilima vichache tu vya chokaa huko Kilifi, na haupatikani porini mahali pengine popote duniani. Umeorodheshwa miongoni mwa mimea iliyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ndugu wa karibu wa ua linalouzwa madukani Ulaya na Marekani amebakiwa na kuta kadhaa zenye kivuli, na kivuli chenyewe kinategemea miti ambayo inakatwa.

Kwa nini viumbe hawa hung'ang'ania mahali padogo hivyo? Kilima cha chokaa ni kama kisiwa. Udongo wake ni haba, umejaa kalsiamu, na hukauka upesi ingawa nyufa zake ni baridi na zenye unyevu. Mmea uliozoea hali hiyo hauwezi kushuka bondeni na kutembea hadi kilima cha pili. Konokono naye, ambaye anahitaji kalsiamu ili ajenge gamba lake, hunawiri hapo, na kwa kuwa mwendo wake tunaujua, vizazi maelfu hupita akiwa kilima hicho hicho hadi akawa wa aina yake peke yake. Huko Malaysia, katika jimbo la Pahang, palikuwa na kilima kiitwacho Bukit Panching. Konokono mmoja mdogo, Plectostoma sciaphilum, aliishi hapo tu. Kilima kilichimbwa kwa ajili ya saruji hadi kikaisha, na konokono akaisha nacho. Mwaka 2014, wataalamu waliokuwa na wasiwasi kuhusu kilima kingine cha huko Malaysia walimpa konokono mpya jina la lafargei, kutokana na kampuni ya saruji ya Lafarge iliyokuwa ikichimba hapo. Sijui kama wenye kampuni walifurahi kupata wajina wa namna hiyo. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa na hisa nyingi katika kiwanda chetu cha Bamburi kwa miaka mingi, kabla ya kampuni ya Amsons ya Tanzania kukinunua mwishoni mwa 2024.

Nimekitaja kiwanda cha Bamburi, na haki yake nitampa. Kiwanda hicho kilianza kuzalisha saruji mwaka 1954 kutokana na mawe ya matumbawe ya kando ya bahari, na kufikia miaka ya 1970 kilikuwa kimeacha jangwa jeupe kaskazini mwa Mombasa. Mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alijaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni 3, mmojawapo mvinje. Majani ya mvinje yalianguka wala hayakuoza, hadi alipoletwa jongoo mwekundu ambaye aliyatafuna na kuyageuza kuwa udongo. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park, na wanafunzi wetu wa Nyeri hupelekwa huko kila ziara ya Mombasa kumtazama kiboko na kobe. Ni kazi njema. Lakini jongoo na mvinje waliurudisha msitu fulani, hawakuurudisha msitu uliokuwapo. Kwa mmea wenye kilima kimoja hakuna mbegu ya akiba iliyolala upande wa pili wa barabara.

Katika vilima hivi hivi vya Kilifi kuna pango liitwalo Panga ya Saidi. Mgikuyu akisikia panga huwaza kukata nyasi za ng'ombe. Kwa Wamijikenda, panga ni pango, na nilipolitaja darasani kwangu ilinibidi nisubiri kicheko kiishe. Humo, wanaakiolojia wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa ng'ambo walichimba kwa miaka mingi, na mwaka 2021 walitangaza katika jarida la Nature kwamba wamepata kaburi la mtoto wa umri wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Ndilo kaburi kongwe zaidi la binadamu linalojulikana barani Afrika. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, na dalili zinaonyesha kuwa alikuwa amefungwa kwa kitu mfano wa sanda na kichwa kuwekewa mto ambao umekwisha kuoza. Watafiti walimwita Mtoto. Neno la Kiswahili, bila tafsiri, likaingia katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima. Nimewahi kusikia mihadhara mirefu kuhusu utandawazi wa Kiswahili ambayo haikunigusa kama neno hilo moja. Na lau mtoto huyo angezikwa katika udongo wetu mwekundu wenye asidi, sidhani kama tungekuwa na chochote cha kumwitia jina.

Sasa, ni nani anayelinda vilima hivi? Misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo baadhi yake imesimama juu ya chokaa hii, ililindwa na wazee kwa miiko kwa karne nyingi. Kuanzia mwaka 1992 serikali ilianza kuitangaza kuwa turathi za taifa, na mwaka 2008 kaya kadhaa ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Turathi za Dunia. Mwanafunzi wa Nyeri hahitaji kufafanuliwa mwiko wa namna hiyo. Mugumo ulikuwa haukatwi kwetu, na marehemu Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe papa hapa Nyeri, alieleza katika tawasifu yake jinsi alivyokatazwa utotoni kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na chemchemi, na jinsi alivyorudi kutoka masomoni Marekani akakuta mti umekatwa na chemchemi imekauka. Mwiko ulikuwa sayansi ambayo haikuandikwa.

Lakini si kila kilima cha chokaa ni kaya. Vilima vingi ni mawe tu, katikati ya mashamba ya watu, katika eneo ambalo migogoro ya hatimiliki imedumu miongo mingi. Karibu na ule ukuta wenye mmea tulimkuta kijana akiponda kokoto kwa nyundo, mkewe akizipanga katika marundo. Nilimsalimu, tukazungumza. Aliponijua kuwa mwalimu alisema, "Mwalimu, mwamba huu ndio karo ya watoto wangu. Ua hilo sijawahi kuona mtu analinunua." Mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mwembe alimwacha amalize, kisha akanigeukia mimi, si yeye. "Mwanangu," akasema, "huko kwenu nasikia mna mito. Sisi hapa mvua ikinyesha hatuoni mto. Maji yanaingia mwambani. Mwamba ukiisha, huo mto tutautafuta wapi?" Kijana hakujibu, akaendelea kuponda. Sikuona mshindi katika mazungumzo hayo, na sikuwa na haki ya kumtafuta, maana kokoto za kijana huyo hazifiki Nyeri. Zinazofika Nyeri ni za mitambo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu wa mlimani tunaopenda kujisifu kwa uhifadhi. Mlima wetu ni mbuga ya taifa tangu 1949, na ni Turathi ya Dunia tangu 1997. Nyandarua, mbuga tangu 1950, imezungushiwa ua wa umeme wa takriban kilomita 400 uliokamilika mwaka 2009. Hatujakosa majeraha: moto, ukataji wa mikarafuu maiti na mikangazi, bangi iliyolimwa msituni. Lakini mlima ni mkubwa, unajitetea kwa ukubwa wake, na watalii huulipia. Kilima cha chokaa chenye eneo la shamba la familia moja kinaweza kulipuliwa na kubebwa chote kabla mtoto aliyeanza chekechea hajamaliza shule ya msingi. Isitoshe, tunavyojenga ili tuishi vizuri chini ya mlima uliohifadhiwa, ndivyo tunavyoagiza vilima visivyohifadhiwa vya watu wengine, gunia baada ya gunia.

Nilimweleza hayo fundi tuliyemwita kumjengea mama nyumba huko Othaya. Fundi huyu ni mtu makini, asiyekunywa, na alinisikiliza hadi mwisho huku akipima kiwanja kwa kamba. "Mwalimu," akasema, "nyumba haijengwi kwa maua." Kisha akahesabu: magunia ya msingi, ya kuunganishia mawe, ya kupiga lipu, ya sakafu. Nilimuuliza kuhusu matofali yale ya kushikamana yanayoshindiliwa kwa mashine kutokana na udongo na saruji kidogo, ambayo nimeyaona yakitumika kujenga madarasa. Hakuyakataa. Alisema udongo wetu una mfinyanzi mwingi, kwa hiyo itabidi uchanganywe na mchanga na kujaribiwa kwanza. Kwamba msingi hauepuki saruji. Lakini kuta zinaweza kupunguza magunia mengi, na lipu ya nje isihitajike kabisa.

Darasani nako tumeanza jambo dogo. Badala ya kukariri majina ya Slovenia peke yake, wanafunzi wangu wanatafuta maneno. Kwa zile nyufa ndefu zinazokata uso wa mwamba, mmoja alipendekeza "mianzi ya mwamba," kwa mfano wa mianzi ya pua, akachekwa lakini akajitetea vizuri. Mwingine alitaka "mifereji." Kwa mashimo ambamo mto huzama, wengi wamekubaliana na "mizamo." Nimemwandikia mwenzangu wa Kaloleni awaulize wazee huko wanayaitaje, kwa sababu sioni maana ya sisi wa volkano kubuni majina ya vitu ambavyo wenyewe wana majina yake tayari. Amejibu kwamba mzee wa chini ya mwembe alitaja maneno matatu kwa kile tulichodhani ni kitu kimoja, kutegemea kama maji hupita, yalipita zamani, au husikika tu. Amenitumia kwa sauti, nasi tunayasikiliza tena na tena ili tuyaandike sawasawa.

Kuhusu nyumba, mama hajakubali matofali ya udongo. Anasema amesubiri nyumba ya mawe tangu mwaka niliozaliwa, na majirani zake wote wanazo. Fundi atarudi Jumatatu na sampuli ya matofali sita yaliyokauka, aone kama akiyagusa kwa mkono wake atabadili nia.